Kuvuka Mgongo wa Kenge

Nimestaafu tangu mwisho wa mavuno, na tayari ninyi waongozaji mnaobaki mmenipigia simu mara nyingi kuliko mlivyokuwa mkinitafuta nilipokuwa kazini. Mnauliza mwamba unameng'enyuka wapi, nyuki wamehamia ufa gani, mgeni mwenye pumu aishie wapi. Nimechoka kueleza kwenye simu inayokatika, kwa hiyo nimeamua kuandika. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao tuuache ulale.

Kwa atakayesoma bila kunifahamu, mimi naitwa Zuhura, mzaliwa wa milima ya Kondoa, na kazi yangu ilikuwa kuwapandisha watu Mlima Mhelela na kuwashusha wakiwa wazima. Mhelela umesimama peke yake juu ya mashamba ya upande wa Mlali. Njia inaanza kwa upole katikati ya alizeti, inaingia vichakani, halafu inabadilika tabia. Kuanzia hapo ni mwamba mtupu, mkali, hauna mti wa kushika wala kivuli cha kujificha. Karibu na kilele pana ule mgongo mwembamba ambao hata kitanda cha mtu mmoja hakitoshi kutandikwa juu yake, kushoto bonde na kulia bonde. Watu wa chini wanauita Mgongo wa Kenge. Ukishauvuka unatokea kwenye tambarare ndogo yenye chemchemi na mabaki ya nyumba. Watu waliishi kule zamani, kabla hawajahamishiwa kwenye vijiji vya bondeni. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto, na hayo nimeyapata kwa kusimuliwa.

Sikuja Mhelela kuongoza mtu. Nilikuja kupika. Ofisi ya misitu ilikuwa na kambi ya watu waliohesabu miti, na mimi nilikuwa binti mwenye sufuria kubwa na nidhamu ya kutoonja mboga kabla ya wenyewe. Mwongozaji wa pekee alikuwa Mzee Yoramu Chitema, Mgogo wa Mlali, mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha usogee karibu ili umsikie. Siku moja walifika walimu wa kike kutoka mjini wakitaka kupanda, wakasema wangependa kuongozana na mwanamke. Mwanamke aliyekuwepo alikuwa mimi, na ugali ulikuwa jikoni.

Mzee Yoramu akasimama mlangoni mwa jiko. "Wewe ni Mrangi wa wapi?"

Nikamtajia kijiji chetu.

"Kwenu kuna miteremko?"

"Mzee, kwetu ukiangusha boga unalifuata mpaka kijiji cha pili."

"Ipua hiyo sufuria. Twende."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu wa kazi. Nilipanda kwa kandambili na khanga mbili, na mpaka vichakani nilijiona hodari. Tulipofika kwenye Mgongo, wale walimu walikaa chini kupumzika, na mimi nikamwona Mzee Yoramu akitangulia kufunga kamba kwenye nondo iliyochomekwa mwambani. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka. Si kidogo. Yalitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo.

Nikamfuata nikamnong'oneza, "Mzee, unaumwa?"

"Naogopa," akasema, bila kugeuka.

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naogopa kila nikifika hapa. Siku nitakayofika nisiogope, nitarudi nyumbani nikafuge kuku."

Nilimpenda kuanzia hapo. Nilikuwa nimekulia kwa watu waliosema hawaogopi chochote, na wengi wao walikuwa wamevunjika kitu.

Wageni wa mjini walizoea kuniita gaidi, wakitamka Kiingereza cha mtu anayeongoza watalii. Habari zikafika kwa mama yangu Kondoa kwamba Zuhura ameajiriwa serikalini kuwa gaidi. Alilia siku nzima. Ilibidi nipande gari niende kumweleza, na hata baada ya kueleza aliniambia nisilitamke neno hilo mbele ya shehe.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kamba ya katani, ambayo baadaye ilibadilishwa ikaja ya nailoni. Ile ya katani ilikuwa inachubua lakini ilikuambia mapema inapochoka, hii ya nailoni inanyamaza mpaka siku yake. Filimbi. Dumu la maji, na pakiti ya chumvi na sukari kwa anayeishiwa nguvu. Khanga, ambayo ni bandeji, ni mkanda, ni kivuli, na ni pazia mgeni wa kike anapobanwa mahali pasipo kichaka. Mzee Yoramu alivaa katambuga za tairi, na alinifundisha kuvua viatu kwenye Mgongo wenyewe. Wayo, alisema, unasikia changarawe kabla haijateleza; kiatu kinakupa taarifa ukiwa tayari unaondoka.

Mengine alinifundisha kwa kunikataza. Nisimwambie mtu asitazame chini, kwa kuwa ndipo atakapotazama. Nimpe kitu cha kutazama. Nisimshike mtu mkono pale juu, kwa sababu akienda nitaenda naye. Kamba kiunoni, na kamba kwenye nondo. Nisipige kelele. Nisimvute aliyekwama. Na ikipita saa nne, upepo wa kiangazi ukishaamka, nisianze kuvusha mtu hata akiwa nani. Nilimsindikiza miaka mingi kabla hajaniacha nitangulie na kamba. Siku hiyo alikaa tu nyuma, akala karanga zake.

Watu wa kila namna nimewavusha. Mchungaji mmoja alivuka amefumba macho huku akiomba kwa sauti, ikabidi nimwambie, "Baba mchungaji, omba ukiwa umefumbua." Wachumba walipanda wameshikana viuno wakashuka hawasemeshani. Mzee mmoja mnene, mfanyabiashara wa Kibaigwa, alivuka kwa wepesi wa pimbi, halafu akashindwa kushuka ngazi za ofisini kwetu kwa sababu ya magoti. Lakini kisa ninachotaka mkisome polepole ni cha Bibi Eseri, kwa kuwa siku ile nilifanya kinyume cha yote niliyoyaandika hapo juu, na mpaka leo sijui ningefanya nini kingine.

Mzee Yoramu alikuwa ameshastaafu wakati huo, na kweli alikuwa anafuga kuku. Asubuhi moja ya kiangazi nilikuta watu wawili wamekaa kwenye benchi la ofisi. Bibi mdogo wa umbo, ameshapita sabini, amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi kama la kwenda kanisani. Pembeni yake alikaa mwanamume wa makamo, mabega mapana, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepeleka watu juu?"

"Ndiyo, mimi Zuhura."

"Nataka kwenda kumuaga mume wangu."

Nilimtazama yule mwanamume, naye akanieleza. Jina lake Nehemia, fundi umeme kwenye majengo ya chuo kule Chimwaga. Huyu ni mama yake. Kwa miaka miwili amekuwa akimsihi ahamie kwake mjini, maana anaishi peke yake na kisima kiko mbali. Mwishowe amekubali, lakini amekataa kufunga mizigo mpaka apande Mhelela. Baba yake Nehemia alizikwa kule juu.

"Mimi sijawahi kufika," Nehemia akasema. "Tulishushwa nikiwa mtoto wa mgongoni. Baba alikuwa ameshafariki, simkumbuki hata sura."

Niliwaambia ukweli kwamba ule si mlima wa umri huo. Bibi Eseri akanisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Basi nikamwomba apande kilima cha nyuma ya ofisi, nimsikilize pumzi. Alipanda taratibu, akashuka taratibu, akaniuliza, "Sasa mlima uko wapi?"

Tuliondoka siku ya pili yake alfajiri. Nehemia, kwa kumhurumia mama yake, alikuwa ameajiri vijana wanne wa kijijini na machela. Bibi Eseri alipoiona akauliza ni ya nani.

"Ya kwako, mama. Ukichoka."

"Weka chakula," akasema. Na kweli, ile machela ilibeba viazi, chupa ya chai na dumu la maji mpaka kwenye Mgongo, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Alitembea kwa mwendo wake mwenyewe, akipumzika mara kwa mara, na kila alipopumzika niligundua hapakuwa mahali pa kubahatisha. Palikuwa na jiwe bapa, au mwinamo wa kuegemea. "Hapa tulitua mitungi," alisema. "Hapa mama mkwe wangu alikuwa akivuta ugoro, asiondoke mpaka amalize." Nehemia alikuwa nyuma yake, mikono imenyooshwa kidogo kama mtu anayefuata sahani mezani isidondoke. Alimwuliza habari za mahali, naye mama akamjibu kwa Kigogo, na niliona yule mtu mzima akianza kucheka kwa namna ya mtoto. Nilijisemea moyoni kwamba safari hii itakuwa nyepesi.

Tulifika kwenye Mgongo mapema, upepo ukiwa bado umelala. Nilifunga kamba kwenye nondo ya huku, nikavuka, nikafunga ya kule, nikarudi. Nikamfunga Bibi Eseri kiunoni. Alikuwa ameshavua viatu bila kuambiwa. Alikaza khanga, akakaa juu ya mwamba, mguu huku mguu huku, kama mtu aliyepanda punda, akaanza kujisogeza kwa viganja vyake. Hakutazama kushoto wala kulia. Nilikwenda mbele yake nikirudi kinyumenyume, na jambo pekee alilosema katikati ya Mgongo ni kwamba mwamba umekuwa laini kuliko zamani. Nilimfikisha ng'ambo, nikamkalisha mahali pazuri, nikamfungua kamba, nikamfuata mwanawe.

Nehemia alikataa kukaa. Alisema yeye kila siku yuko juu ya nguzo, atatembea. Sikumlazimisha, wengi hutembea. Nilimfunga, tukaanza, yeye nyuma yangu. Alikwenda vizuri kabisa. Tulipofika katikati ukapita upepo, mmoja tu, wa kwanza wa siku hiyo, ukamvua kofia. Ile kofia haikuanguka haraka. Ilizunguka, ikapanda kidogo, ikashuka, ikaendelea kushuka, na macho ya Nehemia yakaifuata mpaka ikawa nukta, mpaka ikapotea kwenye mawe ya chini kabisa.

Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilipogeuka alikuwa ameshalala kifudifudi, ameukumbatia mwamba kwa mikono na miguu, shavu limegandamana na jiwe.

"Nehemia," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi Zuhura. Kamba imekushika. Niko hapa."

"Dada, siwezi."

"Tutapumzika kwanza. Tazama kidole changu hiki."

"Siwezi kufumbua macho."

"Basi usifumbue. Wewe si unapanda nguzo?"

"Nguzo naikumbatia ikaisha, dada. Huu hauishi. Unaniteleza kotekote."

Nilikaa naye. Nilimpa maneno yote niliyofundishwa na mengine ya kwangu. Nilimwuliza majina ya watoto wake, akanitajia, halafu akaanza kulia bila sauti, machozi yanatiririka juu ya jiwe. Upepo wa pili ukaja, halafu wa tatu, na huo haukuondoka. Vijana wa machela walianza kuita kutoka nyuma, nikawainulia mkono wanyamaze. Nilikuwa najua kinachofuata. Mtu aliyekwama anachoka. Vidole vinakufa ganzi. Halafu anafanya jambo la ghafla. Kamba ingemshika, lakini kumshika mtu mzito kwa kamba akining'inia ubavuni mwa mwamba si sawa na kumwokoa. Na mimi nilikuwa naogopa, kama Mzee Yoramu siku ile.

Ndipo nilipomwona Bibi Eseri anarudi.

Alikuwa ameshaingia kwenye Mgongo, amekaa vilevile kama juu ya punda, bila kamba yoyote.

"Bibi! Kaa hukohuko!"

Akaendelea.

"Bibi, nakuomba. Nitamleta mimi."

Alitua kidogo, akanitazama. Hakukasirika. "Zuhura, mwanangu," akasema, "kwako huyu ni mgeni. Kwangu ni mtoto."

Kanuni ilikuwa wazi na nilikuwa na mamlaka ya kuitekeleza. Badala yake nilichukua ncha ya kamba yangu ya akiba, nikamfuata, nikamfunga kiunoni, nikampisha. Kupishana na mtu juu ya Mgongo wa Kenge ni jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada, na msilijaribu.

Alifika mpaka kichwani kwa mwanawe, akaweka kiganja kisogoni pake, akakiacha pale. Kisha akaanza kuzungumza, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, asinifungie nje.

"Nami naogopa hapa," akasema. "Napachukia. Baba yako aliugua homa wakati wa masika. Alikuwa mzito wa kuongea, anachoma kama jiko. Wanaume walimbeba mpaka pale Zuhura aliponikalisha, ng'ambo. Mvua ikanyesha. Mwamba ukawa kama umepakwa mafuta. Wakasubiri ikatike, haikukatika. Wakarudi naye nyumbani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hapakuwa tena na mgonjwa wa kubeba."

Nehemia alikuwa amefumbua macho.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ukiwa wapi? Kule chini ungesikia kama hadithi." Alimpapasa kisogo. "Walipokuja kutuhamisha nilipita hapa na wewe mgongoni. Upepo ulikuwa mkali kuliko huu. Nikasema, Mungu, kama unataka wa pili, chukua wote wawili, usinibakize. Wewe ulikuwa umelala. Unakoroma. Niliogopa kwa ajili yetu sote, wewe ukakoroma."

Sauti ikamtoka Nehemia, sikuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio.

"Leo siwezi kukubeba," mama akasema. "Tazama ulivyo, umekuwa ng'ombe. Kaa kama mimi. Mguu huku, mguu huku. Utazame mgongo wangu, usitazame kitu kingine. Gauni langu lina maua mangapi?"

"Mengi, mama."

"Yahesabu."

Aligeuka pale alipo, sijui kwa namna gani, na akaanza kujisogeza kurudi ng'ambo. Nehemia alikaa. Viganja vyake viliacha mwamba kimoja kimoja. Nilimsikia akihesabu maua kwa sauti, anakosea, anaanza upya. Mimi nilikuwa mbele yao, nikirudi kinyumenyume, nimeshika kamba zote mbili, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa na mbili tatu za kwake yule mchungaji.

Tulipotoka kwenye Mgongo hakuna aliyeshangilia. Nehemia alilala chali kwenye nyasi, na mama yake akamfuta uso kwa upindo wa khanga kama anayemfuta mtoto aliyetoka kula uji.

Kaburi lilikuwa mbele kidogo ya chemchemi. Watu walikuwa wamelizungushia minyaa wakati ule, na minyaa ile ilikuwa imekua mpaka kuwa miti, imefunga kila upande. Tulikata njia kwa panga langu. Ndani palikuwa na mawe yaliyopangwa, na nyasi. Bibi Eseri alipiga magoti akang'oa nyasi kwa mkono, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza akajipangusa vumbi, akamwambia mwanawe asogee.

Nehemia alisimama mbele ya yale mawe, hajui mikono yake aiweke wapi. Mwanamume wa miaka arobaini, na hili lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya hata mara moja maishani mwake.

"Shikamoo, baba," akasema.

Upepo ulikuwa unavuma kwenye minyaa. Ndipo Bibi Eseri akajibu, kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mtu anayemjibia mwenzake aliye chumba cha pili:

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Nilikwenda kukaa chemchemini. Kuna wakati kazi ya mwongozaji ni kwenda kuangalia maji.

Tulisubiri upepo ulegee, ikawa jioni karibu, ndipo tukavuka kurudi, Nehemia amekaa, mama mbele, mimi nyuma. Hakukwama tena. Wiki ile ile Bibi Eseri alifunga mizigo akahamia Chimwaga.

Nilikwenda Mlali kumsimulia Mzee Yoramu, maana nilitaka kujua kama nilikosea kumruhusu yule bibi arudi juu ya Mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akirusha pumba kwa kuku. Akauliza swali moja tu.

"Alivua viatu mwenyewe, au ulimwambia?"

"Mwenyewe."

"Basi ungemzuia ungepoteza muda," akasema, akaniuliza kama nitakula. Alifariki masika yaliyofuata, nyumbani kwake, usingizini. Tulimzika mahali pa tambarare kabisa, kama alivyoagiza.

Kila nilipokwenda mjini kwa mikutano nilipitia Chimwaga kumsalimia Bibi Eseri. Alikuwa amelima mtama kwenye bustani ya maua ya mkwewe, akasema maua hayaliwi. Alilalamika kwamba nyumba ile ina milango mingi kuliko watu. Lakini wajukuu wawili wa kike walikuwa wakimpanda mabegani wakati anachambua mboga, na sikumsikia hata siku moja akisema anataka kurudi. Nehemia alikuja Mhelela kila mwaka baada ya mavuno kupalilia kaburi. Mara zote alivuka amekaa. Wageni wengine walipomtazama aliwaambia, "Mimi huwa nakaa," basi, akaendelea.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa naye. Hakupiga simu kabla. Nilimkuta kwenye benchi la ofisi, peke yake, na nilipomwona tu amevaa shati jeusi nilijua.

"Pole, ndugu yangu. Lini?"

"Mwezi uliopita. Hakuumwa sana. Nilitaka nikuambie hukuhuku, dada, si kwa simu."

Tulipanda bila maneno mengi. Juu alisafisha kaburi, akapanga upya mawe yaliyotawanywa na nyani, kisha akachuchumaa. "Baba," akasema, "mama ametutoka. Hakuteseka. Tumemzika mjini." Akayatazama yale mawe kama anayesubiri kuulizwa kwa nini.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiuliza hilo njia nzima. Nilidhani siku hiyo ikifika nitaitwa na kamba zangu zote, tutampandisha Bibi Eseri alale na mumewe. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani jinsi ya kulipitisha jeneza pale kwenye Mgongo.

Nehemia aliniona, akatabasamu kidogo.

"Sisi nasi tulidhani hivyo," akasema. "Tulimwuliza akiwa bado anaongea vizuri. Ndugu wote walikuwepo, wanasubiri wosia. Akatutazama kama watu wasio na akili. Akasema, 'Mume wangu nilikwisha kumuaga. Mimi mniweke mahali ambapo wajukuu wangu hawa wanaweza kufika wamevaa kandambili.'"

Nilianza kucheka, nikajizuia, kisha nikamwona naye mabega yanamcheza. Tulicheka mpaka machozi, tumekaa kando ya mawe ya baba yake, na kwa muda ule wote hakuna aliyekumbuka upepo.